Kibao Kinasema na Nani?

Ewe msomaji kijana, siku moja ya soko ushuke katika kituo cha magari cha Othaya, uziache shughuli zako kwa nusu saa, usome. Usisome kitabu wala gazeti, soma kuta. Soma maneno yaliyopakwa rangi juu ya milango ya maduka, na vibao vilivyopigiliwa katika nguzo, na mabango yaliyosimamishwa kando ya njia iendayo Nyeri. Utakuta kwamba auzaye nyama ameandika "Butchery", auzaye misumari na mabati ameandika "Hardware", auzaye dawa za binadamu ameandika "Chemist", na auzaye mbegu na dawa za ng'ombe ameandika "Agrovet". Kisha usimame usikilize. Watu walio chini ya vibao hivyo wanapatana bei ya viazi, wanajuliana hali za watoto, wanalalamikia bonasi ya chai, na katika maneno yao yote hutasikia Kiingereza ila neno moja moja. Wao kwa wao wanasema Kikuyu; ajapo mgeni kutoka Machakos au Kisumu wanasema naye Kiswahili. Watu wana lugha zao, na kuta zina lugha yake.

Jambo hili limezoewa hata halionekani tena. Mimi nasema kwamba ni kosa, tena ni kosa lenye madhara. Kibao cha Kiingereza katika mji kama Othaya aghalabu hakikuandikwa ili kisomwe. Kiliandikwa ili kitazamwe. Hakisemi na mpita njia. Kinamsifu mtu aliyekitundika.

Ukitaka ushahidi, tazama mahali ambapo mwenye kibao anataka hasa kueleweka. Mwenye nyumba anayefuga mbwa wa kulinda hatundiki langoni maneno ya Kiingereza ya adabu. Mara nyingi ameandika "Mbwa Kali". Mwalimu wako wa sarufi atanung'unika kwamba ilipasa kuwa "mbwa mkali", naye ana haki. Walakini mwenye nyumba hana haja na sarufi, haja yake ni kwamba mwizi asipate kisingizio cha kutoelewa. Mwenye ukuta uliochoshwa na wapita njia wa usiku huandika "Usikojoe Hapa", na pengine hutaja na faini yake. Katika mitambo ya umeme, karibu na picha ya fuvu la kichwa, utasoma "Hatari". Hata pakiti ya sigara imo katika hesabu hii: Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilitaka maonyo yaandikwe kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kwa kuwa moshi hauulizi mvutaji alifika darasa la ngapi.

Basi mbwa, mkojo, umeme na tumbaku vina Kiswahili. Hospitali, benki na ofisi za ardhi mara nyingi zina Kiingereza. Je, mambo ya hospitali hayana haja ya kueleweka kama yalivyo ya mbwa?

Wako wasemao kwamba Kiswahili hakifai kwa biashara ya kisasa. Hao hawajainua macho kutazama kibao cha kijani kilichojaa katika kila mji wa Kenya. Tangu mwaka 2007 watu wanatumiana fedha kwa simu kwa njia iitwayo M-Pesa, na katika jina hilo Kiingereza kina herufi moja tu. Muuza mboga na mwenye duka kubwa wote wametundika "Lipa na M-Pesa". Mwaka 2019 ulipoanzishwa mkopo mdogo wa kumwezesha mtu kulipa zaidi ya alichonacho, uliitwa "Fuliza". Sidhani kwamba kampuni ilichagua maneno haya kwa kupenda ushairi. Ilitaka fedha zetu, nayo ilijua kwamba mtu hatoi fedha zake upesi kwa neno asilolijua.

Serikali nayo yaijua siri hii. Ilipotaka tukimbilie vituo vyake vya kutolea vitambulisho na vyeti, iliviita Huduma. Mpango wa kuwalipia wajawazito uliitwa Linda Mama, na fedha za wazee zikaitwa Inua Jamii. Magari ya polisi yameandikwa "Utumishi kwa Wote". Itoe noti iliyo mfukoni mwako uisome: imeandikwa "Banki Kuu ya Kenya", na kiasi chake kimetajwa kwa lugha zote mbili. Katika sikukuu za taifa kwa miaka mingi tumeona marais wetu wakisoma kwanza hotuba ndefu ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya mabalozi na magazeti. Kisha karatasi zinawekwa kando, Kiswahili kinaanza, na hapo ndipo uwanja unapocheka na kupiga makofi. Mzee Mwai Kibaki, mwana wa Othaya hii hii, alikuwa hodari wa mageuzi hayo. Watu wengi hawakumbuki hata sentensi moja ya karatasi zake. Maneno yake ya Kiswahili wanayakumbuka, makali na matamu pia.

Hupatikana mtu atakayejibu kwamba Kiingereza cha vibaoni ni kwa ajili ya wageni, maana Nyeri ni nchi ya watalii. Ni kweli wanakuja. Wanakwenda mbuga ya Aberdare, wanaulizia Treetops, mahali alipokuwa binti mfalme Elizabeth mwezi wa Februari 1952 baba yake alipofariki naye akawa malkia. Lakini mgeni huyo akifika katika mji wetu mdogo Kiingereza chetu kitamfaa nini? Akitaka kitanda ataingia palipoandikwa "Hotel" apewe chapati na maharagwe, kwa kuwa hoteli kwetu ni mahali pa kula. Akiona "Saloon" atadhani ni baa, kumbe ndani wanasuka nywele. Sisemi haya kwa dhihaka. Maneno hayo tumeyachukua tukayapa maana yetu, na kila taifa hufanya hivyo. Nasema tu kwamba kibao ambacho mgeni hakielewi kwa sababu kina maana ya kwetu, na ambacho nyanya yako hakielewi kwa sababu kina maneno ya ugenini, hakikuandikwa kwa ajili ya yeyote kati ya hao wawili.

Na hapo hapo Nyeri kuna ishara moja ambayo napenda uende ukaitazame. Ni katika kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefariki mwaka 1941. Juu ya jiwe lake imechongwa duara yenye nukta katikati. Kwa maskauti alama hiyo, iliyokuwa ikichorwa njiani, ina maana kwamba aliyeiacha amekwenda nyumbani. Skauti wa Japani anaielewa, na skauti wa Othaya anaielewa. Mtu aliyeichagua alimfikiria atakayesoma.

Usidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Waafrika peke yao. Katika miji ya Ujerumani, taifa lenye vyuo vikuu vya karne nyingi na lugha ya kujivunia, Kiingereza kimejaa juu ya maduka. Simu ya mkononi huitwa "Handy", neno ambalo Mwingereza halitumii kwa simu. Duka la kuoka mikate huweza kuitwa "Back Shop", na Mwingereza akisoma hudhani ni duka lililo nyuma ya jengo, kwa maana "back" ya Kijerumani ni kuoka. Duka moja maarufu la manukato, Douglas, lilikuwa na wito wa Kiingereza wa kuwaalika wateja waingie wagundue vilivyomo. Walipoulizwa maana yake, wengi miongoni mwa Wajerumani walielewa kwamba wanaalikwa kuingia kisha watafute njia ya kutokea. Watu walicheka sana, na wito huo ukaachwa. Katika vituo vya gari moshi manung'uniko yalizidi, hata mwaka 2013 shirika la reli, Deutsche Bahn, likawaagiza wafanyakazi wake wapunguze Kiingereza, likawapa orodha ndefu ya maneno ya Kijerumani ya kutumia badala yake.

Walakini kuna tofauti kubwa kati yetu nao. Mjerumani asiyeelewa kibao cha manukato amepoteza dakika moja na pengine chupa ya marashi. Tena kibao cha njia, karatasi ya daktari na barua ya mahakama anavipata kwa lugha yake. Kwake Kiingereza ni pambo lililowekwa juu ya nyumba iliyokwisha jengwa. Kwetu sisi pambo limetangulia na nyumba haipo.

Sasa natujiulize kwa nini pambo hili linapendwa. Muulize mzazi kwa nini amempeleka mtoto katika shule ambayo langoni imeandikwa "Academy". Huenda hajui neno hilo lilitoka wapi, lakini anajua linavyonuka: linanuka rangi mpya, viatu vilivyong'arishwa na karo kubwa. Kiingereza machoni pa watu wetu si lugha tu, ni cheti cha usafi. Zahanati yenye jina la Kiingereza hudhaniwa kuwa na daktari bora, na duka lenye jina la Kiingereza hudhaniwa kuwa haliuzi vitu vya bandia. Muuzaji anayajua mawazo haya, naye hutundika kibao kinachoyafuata. Simlaumu sana mwenye duka. Yeye anatafuta chakula cha watoto wake katika soko alilolikuta.

Mawazo haya yalipandwa, nayo yalipandwa katika shule. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru aliyefariki mwaka 2025, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi mtoto aliyekamatwa akisema Kikuyu shuleni katika siku za ukoloni alivyopigwa fimbo, au akavishwa shingoni bamba la chuma lenye maneno ya Kiingereza ya kumtukana akili. Lifikirie bamba lile, msomaji. Hicho kilikuwa kibao cha Kiingereza, nacho kilisomwa na kueleweka na watoto wote. Na huenda wewe mwenyewe umepata kuona, katika shule uliyoisoma, kitu kilichopitishwa mkono kwa mkono kumwadhibu aliyeteleza akasema lugha ya mama yake. Mtoto aliyefundishwa hivyo akiwa na umri wa miaka minane atakapofungua duka akiwa na thelathini, utashangaa kwamba anaona haya kuandika "Duka la Nyama"?

Kiswahili nacho kilipata aibu ya namna nyingine. Walowezi wa nyanda za juu walijifunza Kiswahili kidogo cha kuamrishia: lete, ondoa, ngoja, nyamaza. Kwa hiyo babu zetu wengi walikisikia kwanza kikitoka juu kama fimbo. Tazama tena vibao nilivyokutajia: mbwa, usikojoe, hatari. Vyote vinafukuza. Hata "lipa" ni amri. Kazi ya kukaribisha, kusifu na kueleza tumeiachia lugha nyingine, kana kwamba Kiswahili ni bawabu asiyeruhusiwa kuingia sebuleni.

Lakini sikukuita hapa kwa ajili ya heshima ya lugha peke yake. Lugha haioni njaa wala haiumwi. Wanaoumwa ni watu. Mfikirie mama mzee ametoka kijijini alfajiri, amepanda gari, amefika katika hospitali kubwa. Mbele yake kuna mishale mitano, na juu ya kila mshale neno: "Casualty", "Outpatient", "Radiology", na mengine. Neno la kwanza kati ya hayo, nakuhakikishia, lingewatatiza hata wengi waliomaliza kidato cha nne. Mama huyu si mjinga. Amelea watoto saba, huenda anasoma Biblia ya Kikuyu bila miwani, na hesabu za chai yake anazijua kwa kichwa. Ila sasa hana budi kumwendea bawabu na kuuliza. Bawabu atamwuliza anaumwa na nini. Naye, mbele ya foleni ya watu, wanaume na vijana wa umri wa wajukuu zake, itampasa aseme kwa sauti sehemu ya mwili wake inayomsumbua. Kibao chenye maneno matatu aliyoyajua kingeihifadhi siri yake. Mara ngapi, unadhani, mtu kama huyo amegeuka akarudi nyumbani na ugonjwa wake?

Au ingia katika duka la dawa za mashamba. Chupa ya sumu ya wadudu yenye utepe mwekundu ni sumu kali. Maandishi yake hueleza kiasi cha kuchanganya na maji, mavazi ya kuvaa, na siku za kungoja baada ya kunyunyiza kabla mboga haijavunwa. Kama Kiswahili kipo, aghalabu kimebanwa katika herufi ndogo kama chawa. Mkulima asiyesoma Kiingereza humwita mtoto wake wa shule amsomee. Mtoto huyo ni wewe. Wewe ndiwe mkalimani wa nyumba yako: wa chupa, wa karatasi ya benki, wa barua ya wakili, wa tangazo la mnada lililobandikwa sokoni. Kazi hiyo ni ya heshima, nami sikuambii uikatae. Lakini siku ukiwa bwenini, nani atasoma? Na siku utakapokuwa umekosea neno moja, "kabla" badala ya "baada", nani atakula mboga hizo?

Wala usiambiwe kwamba sheria haisemi kitu. Katiba tuliyonayo, iliyotangazwa na Kibaki katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi tarehe 27 Agosti 2010, inasema katika kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tazama mpangilio wa maneno: Kiswahili kimetajwa mara mbili, na mara zote kimetangulia. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika sawasawa na kitu anachonunua au huduma anayopewa. Habari iliyo katika lugha asiyoijua mnunuzi ni habari ya namna gani? Kwa jirani zetu Watanzania jambo hili ni la kawaida: mtu akienda Muhimbili anasoma "Hospitali ya Taifa", na mwenye kulipa kodi anakwenda kwenye "Mamlaka ya Mapato". Sijasikia kwamba wagonjwa wa Dar es Salaam wanakataa dawa kwa sababu jina la hospitali yao linaeleweka.

Nimepata kusikia sababu nyingine, nayo ni ya mchekeshaji: ati Kiswahili ni kirefu, hakienei katika kibao. Haya, tuhesabu herufi. "Choo" ni nne, na "Toilet" ni sita. "Hatari" na "Danger" ni sawasawa, sita kwa sita. "Dawa" ni nne, na "Chemist" ni saba. "Vuta" iandikwayo mlangoni ni nne kama "Pull", na katika "Sukuma" tumepoteza herufi mbili, nakubali. Nakubali pia kwamba chumba cha wagonjwa mahututi ni maneno marefu. Lakini ukuta wa hospitali ni mrefu zaidi.

Neno lililo zito kuliko hayo ni la Kikuyu. Mzee wa Othaya ataniuliza: kwa nini unipe Kiswahili, nilichojifunza ukubwani, badala ya lugha niliyonyonya? Swali hili ni la haki. Katiba hiyo hiyo inaiamuru dola ikuze lugha za wenyeji, wala sioni kwa nini zahanati ya kijijini isiandike "Ũgwati" chini ya "Hatari". Mji una watumishi, walimu na wafanyabiashara kutoka kila upande wa Kenya, ndiyo sababu Kiswahili kitangulie mjini. Lakini mlangoni pa zahanati ya kijiji sitagombana na mtu atakayetanguliza Kikuyu. Ninachokataa ni kwamba ugomvi wa hawa ndugu wawili uwe sababu ya kumpa mgeni kiti chote.

Na Kiingereza? Kisome, tena ukisome kwa bidii. Utakihitaji katika mitihani, katika vitabu vya sayansi, na katika kuzungumza na ulimwengu. Kiandikwe pia vibaoni, mahali pake, chini ya lugha zinazosemwa na watu wanaopita. Mtu anayejua Kiingereza vizuri ndiye hasa mwenye uwezo wa kuandika maana yake kwa Kiswahili. Asiyekijua vizuri ndiye anayekivaa kama kofia.

Utasikia pia kwamba kubadilisha vibao ni gharama. Lakini vibao vya miji yetu havidumu. Mvua zinazoshuka kutoka Nyandarua hubambua rangi, jua humalizia, na fundi huitwa tena na makopo yake. Pengine ukuta huo ni wa duka la baba yako, au wa chama cha ushirika anachouzia kahawa mama yako, au ni lango la shule yako. Fundi atapanda ngazi, atapiga rangi nyeupe ya kufuta, kisha atageuka awaulize walio chini aandike nini. Siku hiyo uwepo, na jibu uwe nalo tayari.